Mkono Usiotazamwa: Baraka ya Makuhani katika Bunilizi ya Kisayansi

Uhakiki wa bunilizi za kisayansi umezoea kuanza na chombo cha anga, silaha na sayari. Ni nadra uanze na vidole. Hata hivyo, miongoni mwa ishara za mwili zilizoenezwa na sanaa pendwa ya karne ya 20, ni chache zinazotambulika upesi kama ile ya Spock, mhusika wa Star Trek. Kiganja huinuliwa kuelekea anayesalimiwa, gumba likatengwa, kidole cha shahada kikashikana na cha kati, na cha pete kikashikana na cha mwisho, pakabaki mwanya katikati. Kwamba chimbuko lake ni ibada ya Kiyahudi si siri. Aliyeibuni, Leonard Nimoy, alilieleza jambo hilo mwenyewe mara nyingi. Lisilojadiliwa vya kutosha ni kile ambacho hakikusafiri pamoja na vidole. Makala haya yanadai kwamba kilichoachwa nyuma ni kanuni ya utazamaji, yaani nani aone na nani afumbe macho, na kwamba mhakiki anayeipuuza kanuni hiyo anahakiki nusu ya ishara.

Katika ibada yenyewe, makuhani, yaani wanaume wa uzao wa Haruni, hunawishwa mikono na Walawi, kisha husimama mbele ya mkutano wakiwa wamejifunika vichwa na mikono kwa shuka ya sala. Hapo hutamka baraka ya sehemu tatu iliyomo katika Hesabu 6:24-26. Vidole vya mikono miwili hupangwa ili ibaki mianya mitano, na wafasiri wa jadi wameihusisha mianya hiyo na kimiani cha dirisha ambacho mpendwa wa Wimbo Ulio Bora huchungulia. Wengine huona katika mkono umbo la herufi Shin, inayoanza jina Shaddai, ambalo Biblia zetu hulifasiri kuwa Mwenyezi. Talmudi, katika risala ya Hagiga, inaonya kuwa macho ya anayewatazama makuhani wakibariki hufifia. Kwa hiyo waumini huinamisha nyuso au hujifunika. Huu ni mkono unaoinuliwa ili usionekane, kwa sababu kuhani si mwenye baraka bali ni mpito wake.

Nimoy, aliyezaliwa Boston mwaka 1931 kwa wazazi wahamiaji kutoka Ukraine, alipelekwa sinagogi akiwa mtoto, akaambiwa asitazame, akatazama. Yafaa kulisisitiza hili: ishara iliyoingia katika televisheni ni ishara iliyoonwa kinyume cha agizo. Haikurithiwa kutoka madhabahuni. Ilichunguliwa kutoka safu ya waumini.

Ilitokea mara ya kwanza katika kipindi cha Amok Time, kilichoandikwa na Theodore Sturgeon na kurushwa Marekani tarehe 15 Septemba 1967. Spock anarudi kwenye sayari yake ya Vulcan kwa ajili ya ndoa, naye anamwamkia T'Pau, bibi mwenye mamlaka makuu. Inasimuliwa kuwa Celia Lovsky, aliyeigiza T'Pau, hakuweza kuvipanga vidole bila msaada, ikambidi avitayarishe kwa mkono wa pili kabla ya kuonyeshwa na kamera. Kisa hiki huchukuliwa kama kichekesho cha nyuma ya pazia, lakini kwetu kina uzito: ugumu wa kimwili ulihama pamoja na umbo, na mpaka leo watazamaji hupimana kwa nani anaweza na nani hawezi. Nasaba ya Haruni imebadilishwa kuwa wepesi wa vidole.

Lenye maana zaidi ni muktadha wa tukio. Sherehe ile si ya wageni. Kirk na McCoy wapo kwa sababu Spock amewaalika, na T'Pau anahoji uhalali wa wao kuwapo. Kwa maneno mengine, kipindi cha kwanza kilihifadhi, pengine bila kukusudia, kivuli cha marufuku ya kutazama: mtazamaji wa televisheni anaingia mahali ambapo hakustahili kuwa. Katika vipindi na filamu zilizofuata ishara inatolewa kwenye uwanja huo wa faragha na kuwa salamu ya kila siku, inayoambatana na kumtakia mtu umri mrefu na ustawi. Jibu lake hutaja amani na maisha marefu, na Mswahili hawezi kukosa kusikia humo muundo wa salaam aleikum na aleikum salaam, ambao Waebrania nao wanao. Muundo wa wito na kiitikio umesalimika. Mwelekeo ndio uliopotea: baraka iliyoshuka kutoka juu kupitia kwa kuhani sasa inakwenda baina ya watu wawili waliosimama sawa.

Ndiyo maana neno athari halitutoshi. Linaifanya dini kuwa ghala na sanaa pendwa kuwa mchukuzi. Dhana ya mwingilianomatini inatufaa zaidi, mradi tuitumie kuuliza pia ni nini kilichonyamazishwa.

Kwa msomaji aliyekulia Kamukuywa, kwenye barabara iendayo Kitale, swali hili haliko mbali. Ng'ambo ya Mlima Elgon, karibu na Mbale, wako Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Kisheria ukuhani hurithiwa kwa baba, haupatikani kwa kuongoka. Pasipo kuhani, kiongozi wa sala husoma maneno ya baraka kama dua tu. Tazama kinaya chake: Myahudi mwongofu wa Mbale hana haki ya kuinua mkono huo katika ibada, ilhali yeyote mwenye televisheni anauinua barabarani.

Na upande wetu wa mlima? Mtahiriwa wa Kibukusu, katika Agosti ya miaka shufwa, hurudi kutoka mtoni akiwa amepakwa tope, jani limesimikwa utosini, na husimama bila kutikisika mbele ya umati. Hapa kanuni imegeuzwa: kitendo lazima kishuhudiwe, na kinachofichwa ni mafunzo ya kizuizini. Katama Mkangi, aliyempeleka Dzombo kwa chombo cha angani katika Walenisi (1995), alionyesha kwamba safari ya sayari si mali ya Marekani peke yake. Mwandishi wa Bungoma atakayemfuata na kuazima tope lile na jani lile atapata picha nzuri kwa urahisi. Kazi ngumu itakuwa kuamua ni nani, katika sayari yake, atakayelazimika kutazama, na ni mlango upi utakaofungwa mbele ya msomaji.