Mizani ya Beki: Duncan Keith katika Mtoano wa 2015

Mshambuliaji ni rahisi kumpima, kwa kuwa mabao yake huhesabika na kila mwenye macho huyaona; lakini beki, na hasa beki wa hoki ya barafuni, kazi yake iliyo bora aghalabu ni jambo ambalo halikutokea, na jambo lisilotokea hakuna karani aliandikaye. Ndiyo maana nataka kuurudia mtoano wa Kombe la Stanley wa mwaka 2015, ambao mwishoni mwake Duncan Keith wa Chicago Blackhawks alitunukiwa tuzo ya Conn Smythe, ambayo hupewa mchezaji aliyewafaa wenzake kuliko wote katika mtoano mzima, ili tuone ni kwa vipimo gani alistahili.

Kipimo cha kwanza ni muda. Mechi ya hoki ina vipindi vitatu vya dakika 20, wala mchezaji haingii akakaa. Hukimbia kwa nguvu zake zote kwa muda usiofika dakika moja, akatoka kuvuta pumzi, mwenzake akashika zamu. Timu huchezesha mabeki sita, wawili wawili, na beki afikishaye dakika 25 huhesabiwa kuwa amebeba mzigo mkubwa. Keith alicheza mechi 23 kwa wastani wa dakika 31 na sekunde 7, ikawa jumla ya dakika zaidi ya 715. Haya hayakuwa matakwa ya kocha bali dharura: Michal Rozsival alivunjika kifundo cha mguu katika mfululizo dhidi ya Minnesota, na Kimmo Timonen, mzee wa miaka 40 aliyekuwa ametoka katika maradhi ya damu kuganda, hakuweza kupewa ila dakika chache. Mzigo ukawaangukia wanne: Keith, Brent Seabrook, Niklas Hjalmarsson, na Johnny Oduya, yule Msweden ambaye baba yake ni Mkenya.

Anaheim Ducks, wapinzani wa mfululizo uliofuata, waliyajua hayo, nao walikuwa na majitu. Hila yao ilikuwa dhahiri: kuwagonga mabeki hao wanne kila ilipowezekana, mechi baada ya mechi, mpaka miili yao isalimu amri. Katika mechi ya pili ya mfululizo huo, iliyokwenda mpaka muda wa nyongeza wa tatu na kupita dakika 116 za mchezo, Keith alikuwa barafuni dakika 49 na sekunde 51. Na Chicago wakashinda 3-2.

Mtu wa umbo la kadiri aliwezaje kustahimili? Hapo ndipo ulipo ufundi, na hapo ndipo jicho la mpimaji linapostahili kukaa. Adui hukitupa kile kisahani cha mpira nyuma ya lango la Chicago, nacho huteleza kikiambaa ukuta. Keith hukiendea akiwa ameupa uwanja mgongo, na nyuma yake anakuja mtu wa kilo 100 na ushei kwa kasi ya kutisha. Kabla hajakigusa, hugeuza shingo mara moja juu ya bega, kisha mara ya pili juu ya bega la upande mwingine, akawa ameshajua adui anatokea wapi na mwenzake amesimama wapi. Kwa hiyo kisahani kinapogusa gongo lake, shauri limekwisha kukatwa: pasi moja, ya chini, iliyonyooka, na yule jitu afikapo hugonga mtu asiye na kitu, au huugonga ukuta. Zidisha tendo hilo kwa dakika 715, nawe utafahamu kwa nini miguu yake haikuisha: hakuipoteza mahali ambapo macho yangetosha.

Wako waipendao hesabu ya kujumlisha na kutoa, ambayo kwayo kila bao ambalo timu hufunga wakati wachezaji wa pande zote ni sawa kwa idadi humwongezea moja aliyekuwamo barafuni, na kila bao inalofungwa humpunguzia moja. Keith alimaliza na nyongeza ya 16. Ni shahidi mzuri, lakini si shahidi wa kutosha, madhali mbele yake walicheza akina Jonathan Toews na Patrick Kane, na nyuma yake alidaka Corey Crawford. Wala sioni haki kumhesabia mmoja jasho la wote. Napendelea kutazama pasi 18 zilizozaa mabao, na zaidi ya hizo, mabao yake 3, kwa sababu kila moja lilikuwa bao la ushindi. Mawili yaliwaangukia Nashville: moja katika muda wa nyongeza wa pili wa mechi ya kwanza, baada ya Chicago kuwa nyuma 3-0, na la pili katika dakika za mwisho za mechi ya sita iliyowatoa.

La tatu ndilo nilionalo kuwa hati ya wasifu wake. Ni tarehe 15 Juni, mechi ya sita ya fainali dhidi ya Tampa Bay, mjini Chicago. Dakika hazijafika tatu kabla ya kipindi cha pili kwisha, na hakuna aliyefunga. Kane anampa kisahani, naye anajitoma katikati na kupiga. Ben Bishop, kipa wa mita mbili, anazuia. Desturi ya beki aliyekwisha kupiga ni kurudi upesi kulinda nyuma yake, seuze beki mwenye mzigo wa dakika 700 miguuni. Keith hakurudi. Alikuwa ameanza kukifuata kisahani kabla kipa hajakigusa, na kiliporuka kutoka kwa Bishop kilimkuta gongo lake likiwa chini, tayari.