Nyota Iitwayo Methusela

Miongoni mwa nyota kongwe zilizogunduliwa katika galaksi yetu, iko moja ambayo imefika hata mimbarani. Katika orodha za wanaastronomia huitwa HD 140283, nayo iko upande wa kundi la Mizani, umbali wa takriban miaka 200 ya nuru. Magazeti yameipa jina la Methusela. Mwaka 2013 Howard Bond na wenzake, kwa vipimo vya darubini ya Hubble, waliikadiria kuwa na umri wa miaka bilioni 14.46, ilhali ulimwengu wenyewe hukadiriwa kuwa na miaka bilioni 13.8. Tangu hapo tumekutana na hoja hii katika mahubiri na katika insha za wanafunzi: mwana hawezi kumtangulia mama yake, basi wataalamu wamejikanganya, na Mwanzo sura ya kwanza imeshinda.

Hoja hiyo twaiona kuwa dhaifu, na udhaifu wake unaanzia katika usomaji. Bond na wenzake hawakuiacha tarakimu hiyo peke yake. Waliiambatanisha na kiasi cha mashaka cha miaka milioni 800, juu au chini. Ukikipunguza kiasi hicho, nyota inaingia ndani ya umri wa ulimwengu bila ugomvi wowote. Mhubiri anayeitaja tarakimu ya kwanza na kuinyamazia ya pili anatenda lile tunalowakataza wanafunzi wa mwaka wa kwanza, yaani kuukata mstari wa Biblia katikati.

Ukongwe wenyewe haubishaniwi. Mwaka 1951 Joseph Chamberlain na Lawrence Aller walionyesha kwamba nyota hii ina upungufu mkubwa wa chuma. Chuma hutengenezwa ndani ya nyota na kutawanywa zinapokufa. Kwa hiyo nyota iliyozaliwa mapema ilikuta haidrojeni na heliamu, na vingine haba mno. Hii ina takriban sehemu moja tu katika 250 ya kiwango cha chuma kilichomo katika Jua. Lakini kuijua kuwa kongwe ni jambo moja, na kuihesabia miaka ni jambo jingine. Hesabu hutegemea umbali, mng'ao halisi, kiasi cha oksijeni, na jinsi tunavyofikiri joto husafiri ndani yake. Ukibadili kimojawapo, miaka nayo hubadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulipata takriban bilioni 12. Hatujasikia mahubiri juu ya huo.

Ajabu ni kwamba Methusela wa Biblia aliwahi kuleta tatizo lile lile. Kwa hesabu ya Kiebrania alifariki mwaka ule ule wa gharika, maana 187 na 182 na 600 ni 969. Lakini katika nakala za Kiyunani alizozijua Augustino, Methusela aliishi miaka 14 baada ya gharika, wala hakuwamo safinani! Katika kitabu cha 15 cha Mji wa Mungu, Augustino hakusema kwamba Maandiko yameanguka. Alichunguza nakala, akaona kosa la tarakimu, akaifuata hesabu ya Kiebrania. Ustahimilivu huo tunaudai kwa Maandiko. Mbona tunawanyima wapimaji wa nyota?

Jambo zito zaidi ni la kichungaji. Tarehe 29 Mei 1944, akiwa katika gereza la Tegel mjini Berlin, Dietrich Bonhoeffer alimwandikia Eberhard Bethge baada ya kusoma kitabu cha Carl Friedrich von Weizsäcker juu ya fizikia. (Weizsäcker ndiye mmoja wa waliofafanua, katika miaka ya 1930, jinsi haidrojeni igeukavyo heliamu ndani ya nyota.) Bonhoeffer alionya tusimfanye Mungu kiraka cha mahali maarifa yetu yanapopungukiwa, kwa kuwa maarifa yakikua, Mungu huyo husukumwa nje. Mwanafunzi aliyefundishwa kuitegemeza imani yake juu ya pengo la miaka milioni 660, afanye nini pengo likizibwa? Wapo wanaokuja kuuliza hivyo, na huuliza wakiwa na hasira kwa waliowafundisha.

Jina la Methusela hatulikatai. Haidrojeni katika kiini cha nyota hiyo imekwisha kutumika, nayo imeanza kuvimba kuelekea kuwa jitu jekundu. Na Mwanzo 5, baada ya kuhesabu miaka yote ile, humtaja mzee huyo kuwa alikufa.