Jina la Baba katika Fasihi ya Kirusi

Mwanafunzi wa Kirusi mjini Bujumbura kwa kawaida huiingia fasihi ya Warusi kwa mlango wa Kifaransa. Hatuubezi mlango huo, ila twauliza kama ndio ulio karibu.

Tuutazame mchezo wa Gogol wa mkaguzi wa serikali, ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1836. Mkuu wa mji huitwa Anton Antonovich, yaani Anton mwana wa Anton. Kwa Warusi, kumwita mtu kwa jina lake na la babake ni heshima. Mfaransa huhitaji maelezo. Msomaji wa Buyenzi, aliyezoea Juma bin Ali, huelewa mara moja.

Lakini Kirusi, kama Kifaransa, hutenga “wewe” ya mazoea na “ninyi” ya heshima. Hapo mfasiri wa Kiswahili hana budi kutafuta “mzee” na “bwana mkubwa” mahali panapofaa. Asipofanya hivyo, woga wa wakubwa wale mbele ya kijana wanayemdhania mkaguzi hupotea, na kicheko hufa.

Kamusi ya Kiswahili na Kirusi ilitolewa Moscow mwaka 1961. Wenzetu walikwisha kutuvukia mto. Wasomi wetu wa Kirusi nao wavuke, watufasirie. Elimu inayokomea kwenye shahada haijawafikia watu.