Nakala Njema na Jinsi ya Kuitambua

Mtu akikwambia amenakili saraka nzima na kazi imekwisha, mwombe akuonyeshe amri aliyoiandika. Usianze kwa kufungua faili mojamoja kuona kama zinafunguka, kwa sababu karibu siku zote zitafunguka. Amri ndiyo itakayokueleza kama umempata fundi au mtu anayebahatisha. Kwenye mstari wa amri kila herufi iliyoandikwa ina matokeo yake, na iliyoachwa nayo ina yake, na hakuna dirisha litakalojitokeza kumuuliza mtu kama ana hakika.

Amri ya kunakili, cp, ni ya zamani. Imo katika mwongozo wa kwanza wa Unix wa Novemba 1971, na kazi yake ya msingi haijabadilika: soma baiti hapa, ziandike pale. Lakini faili si baiti peke yake. Ina tarehe ilipobadilishwa mara ya mwisho, ina mwenyewe na kundi lake, ina ruhusa za nani asome na nani aandike, na pengine si faili bali ni kiungo kinachoelekeza kwingine. cp isipoambiwa lolote hubeba yaliyomo, huiga ruhusa kwa kadiri mipangilio ya mtumiaji inavyoruhusu, na mengine huyaacha njiani.

Chukua saraka ya mikataba ya ofisi, ambamo ya zamani kabisa ni ya 2014. Linganisha amri hizi mbili:

cp -r mikataba /mnt/diski/
cp -a mikataba /mnt/diski/

Zote mbili zitamaliza bila kulalamika, na idadi ya faili itakuwa ileile. Sasa andika ls -l ndani ya kila nakala. Katika ile ya kwanza mikataba yote ina tarehe ya leo, kana kwamba miaka yote ya kazi ilifanyika asubuhi moja. Rasimu mbili za mkataba mmoja zilizokuwa zinatofautishwa na tarehe sasa hazitofautishiki. Hasara haiishii hapo, kwani programu nyingi za kuhifadhi nakala hutambua faili iliyobadilika kwa kutazama ukubwa na tarehe. Tarehe zikivurugika, usiku unaofuata saraka nzima itahesabiwa kuwa mpya na kusafirishwa upya, na ofisi inayotegemea intaneti ya kulipia kwa gigabaiti itaona gharama yake kabla haijaona sababu.

Kwa hiyo alama ya kwanza ninayoitafuta ni herufi a. Katika cp ya GNU, ambayo ndiyo iliyomo kwenye Linux nyingi, -a inamaanisha ingia ndani ya saraka zote, viungo vibaki viungo, na hifadhi kila sifa inayohifadhika. Kumbuka tu kwamba umiliki wa faili hauwezi kuhifadhiwa na mtumiaji wa kawaida. Ni root pekee, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, anayeweza kuandika faili kwa jina la mtu mwingine. Ukikuta saraka za watumishi kumi zimenakiliwa kwa -a na zote sasa ni mali ya mmoja, aliyenakili hakuwa root, na kesho wenzake wanaweza kushindwa kuzifungua faili zao wenyewe.

Viungo vinahitaji jicho la subira. Kiungo kilichoandikwa kwa njia kamili, kinachoanzia kwenye mzizi wa mfumo, kitaendelea kuelekeza kwenye saraka ya zamani hata baada ya kunakiliwa. Nakala itaonekana nzima kwa sababu chanzo bado kipo. Siku chanzo kikiondolewa, viungo vyote vinabaki bila kichwa wala miguu. Mkaguzi mzuri huipeleka nakala kwenye mashine nyingine isiyokuwa na chanzo, kisha anaandika find . -xtype l, nayo humwonyesha viungo vilivyokatika. Kuna pia faili moja yenye majina mawili au zaidi, jambo la kawaida kwenye hifadhi za nakala za kila siku. cp -a huitambua na kuiacha moja. Amri nyingine ya kunakili, rsync -a, haifanyi hivyo, inaigeuza kuwa faili mbalimbali mpaka uiongezee -H. Wengi wanaamini -a ya rsync maana yake ni kila kitu, lakini majina ya ziada, orodha za ziada za ruhusa na sifa za ziada zote zinadai herufi zao: -H, -A, -X. Nikiona rsync -aHAX kwenye skripti ya mtu nisiyemjua, tayari nimeanza kumheshimu.

Alama ya nyota ndiyo inayofichua ugeni haraka kuliko kitu kingine. Mtu anaandika cp -a mradi/* /srv/mradi/ akidhani amechukua vyote vilivyomo. Kwa kawaida nyota haizioni faili zinazoanza na nukta. Kwa hiyo .git imebaki, .env imebaki, na tovuti iliyokuwa inategemea .htaccess inaamka kwenye seva mpya bila kinga zake. Mjuzi huandika cp -a mradi/. /srv/mradi/, nukta moja baada ya mkwaju, na hapo hakuna kinachosahaulika.

Mkwaju wenyewe ni somo. Katika rsync, mkwaju mwishoni mwa chanzo hubadilisha maana ya amri nzima. rsync -a picha/ /mnt/diski/picha inachukua yaliyomo ndani ya picha. rsync -a picha /mnt/diski/picha inachukua saraka yenyewe, ukaishia na picha ndani ya picha. cp nayo ina mtego wake: saraka unayopelekea ikiwa haipo, inaundwa kwa jina ulilotoa. Ikiwa ipo, chanzo kinaingizwa ndani yake. Amri ileile ikirudiwa mara mbili inatoa matokeo mawili tofauti. Skripti nzuri hutoa tokeo lilelile kila inaporudiwa, na kwa cp ya GNU swichi ya -T ndiyo inayolileta hilo. Ukikagua hifadhi ukaona data/data, mtu fulani aliirudia amri bila kufikiri.

Sasa mimi hupima jambo ninaloliona kubwa kuliko yote: umeme ukikatika katikati, kinabaki nini? cp inapoandika juu ya faili iliyopo, kwanza hukifuta kilichomo, kisha huanza kuijaza. Ikikatizwa, unabaki na nusu ya faili yenye jina kamili, na ya zamani haipo tena. Hakuna kosa baya zaidi ya hilo, kwa sababu jina linadanganya. rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras huko Australia, ina adabu nyingine. Huandika kwanza kwenye faili ya muda iliyofichwa kwa nukta, na jina halisi huliweka mwishoni tu kazi ikishakamilika. Watu huisifia kwa uwezo wa kutuma mtandaoni vipande vilivyobadilika tu, uwezo ambao Tridgell aliueleza katika tasnifu yake ya 1999, na wanastahili kuisifia. Mimi naipenda zaidi kwa hiyo adabu. Ndiyo maana ninapoona -P imewekwa kwa mazoea huwa nauliza. Ndani yake mna --partial, ambayo kazi ikikatizwa huacha kipande chenye jina halisi, na hapo faida yote imepotea. Anayejua huandika --partial-dir=.kipande, ili kilichokatika kiwekwe pembeni mpaka kitakapomaliziwa.

Kasi isikupumbaze. Tangu coreutils 9.0 ya mwaka 2021, cp kwenye mifumo ya diski kama Btrfs, na XFS iliyowezeshwa kufanya hivyo, inaweza kumaliza faili ya gigabaiti nyingi papo hapo, kwa sababu haikuandika chochote kipya. Faili mbili zinatumia sehemu zilezile za diski mpaka mojawapo ibadilishwe. Ni jambo zuri kwa kujaribia kazi. Kama akiba dhidi ya diski kuharibika halina thamani yoyote, maana sehemu hizo zikioza zimeoza kwa zote mbili.

Uthibitisho nao una ngazi. Ya chini ni echo $? mara tu amri inapomaliza. Sifuri ni salama. Kwa rsync, 23 ina maana baadhi ya vitu havikunakilika, na 24 kuna faili zilizotoweka wakati kazi inaendelea. Kwenye Windows, robocopy hutumia hesabu nyingine, ambapo 1 ni dalili kuwa faili zimenakiliwa vizuri na kushindwa huanzia 8, basi usiihukumu kwa sheria za Unix. Ngazi ya juu ni sha256sum: zikusanye alama za chanzo kwenye faili moja, kisha zipime upande wa nakala kwa sha256sum -c --quiet. Lakini ukipima dakika hiyohiyo, kuna uwezekano mkubwa unachosoma kinatoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta, diski yenyewe haijaguswa. Ishushe kwa umount, ipandishe tena, halafu ndipo upime. Kipimo changu cha mwisho ni hiki:

rsync -aHAXnci --delete chanzo/ nakala/

n inaizuia isibadilishe chochote, c inailazimisha kulinganisha yaliyomo, i inaiambia itaje kila tofauti. Ikinyamaza, yaliyomo, tarehe, ruhusa na viungo vimelingana, na hakuna kilichozidi. Angalia n mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, maana bila hiyo --delete itafanya kazi yake kweli.

Flashi haihifadhi haya yote. Nyingi zina FAT32, isiyopokea faili inayofikia GiB 4, isiyojua mwenyewe wala viungo, na inayoandika tarehe za mabadiliko kwa kuruka sekunde mbilimbili. exFAT inaondoa kikomo hicho cha ukubwa, lakini nayo haijui mwenyewe wala viungo. Saraka ya Linux inayosafiri kwa flashi ifungwe kwanza kwa tar, ndani yake ruhusa na viungo vinatunzwa, na flashi isichomolewe kabla umount haijarudi.

Iko pia nakala ambayo haiwezi kuwa njema hata ikiandikwa kwa herufi zote sahihi. Ukikuta skripti ya usiku inayochukua /var/lib/mysql moja kwa moja huku seva inaendelea kupokea data, huna haja ya kupima zaidi. Faili za mwanzo zimechukuliwa saa sita kamili, za mwisho saa sita na robo, na kati yake hifadhidata imebadilika. Alama za sha256 zilizochukuliwa kutoka kwenye nakala yenyewe zitalingana kila zikipimwa, na bado hifadhidata inaweza kukataa kuamka. Hapo mwulize mwenye skripti kwa nini hakutumia mysqldump, au pg_dump kwa PostgreSQL, na umwombe airejeshe nakala ya jana kwenye mashine tupu mbele yako.