Nyimbo za Woody Guthrie na Visa Vyake: Kitabu Kimenishika Pabaya

Kitabu kimeingia nyumbani juzi jioni ndani ya begi la shemeji yangu aliyetoka Marekani, kimebanwa katikati ya suruali mbili za jinzi ili pembe zisikunjike, na tangu hapo sijafanya kazi ya maana. Chai inapoa, naipasha, inapoa tena. Naandika haya kabla sijakimaliza, zimebaki kurasa kama sitini, na najua mhariri wangu hapendi uhakiki wa pupa namna hii. Atanisamehe. Yapo mambo mtu akiyaona hawezi kungoja kukuche.

Kinaitwa Woody Guthrie: Songs and Art, Words and Wisdom. Kilitoka mwaka 2021, na waliokiandaa ni Nora Guthrie, binti wa mwimbaji mwenyewe, pamoja na mwanahistoria wa muziki Robert Santelli. Ni dude zito la kuwekwa mezani, si la kusomea kwenye daladala. Na ukilifungua, jamani! Hukuti maneno ya nyimbo yaliyopangwa kwa chapa safi na kuachwa hapo. Unakuta karatasi zenyewe: mwandiko wake, kazi ya taipureta yake, maneno aliyoyafuta na kuyaandika upya, michoro yake, picha zake. Unamwona mtu akiutafuta wimbo mpaka anaupata.

Sisi tuliolelewa na taarabu tunaijua raha hii. Wimbo ukianza ukumbini, nusu ya utamu ni kumgeukia jirani na kumnong'oneza, "Hii kaimbiwa nani?" Ukishajua kisa, wimbo si ule tena. Kwa miaka mingi nimezisikiliza nyimbo za Guthrie kama mgeni aliyeingia harusini bila kujua bibi harusi ni nani. Sasa nimepata jirani wa kuninong'oneza, na jirani mwenyewe ni binti wa marehemu.

Kwa asiyemjua: Guthrie alizaliwa Okemah, Oklahoma, tarehe 14 Julai 1912. Utoto wake ulijaa moto na maradhi. Dada yake Clara alikufa kwa kuungua, na mama yake alipatwa na ugonjwa wa Huntington, ugonjwa wa kurithi unaokula mishipa ya fahamu na akili, akaishia katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Kijana akahamia Pampa, Texas, akajifunza gitaa, akaoa. Halafu likaja vumbi.

Hapa ndipo kitabu kilipoanza kunikaba. Tarehe 14 Aprili 1935, siku ambayo Wamarekani wanaiita Jumapili Nyeusi, wingu la udongo lilifunika nchi tambarare za kusini hadi mchana ukawa usiku. Majirani wa Guthrie pale Pampa walijikusanya ndani, wengine wakiamini kiyama kimefika, wakaanza kuagana. Kutokana na kuagana kule akatunga "So Long, It's Been Good to Know Yuh". Mimi nilikuwa nikiuimba kama wimbo wa kufungia sherehe! Miaka yote hiyo nimekuwa nikiwaaga wageni kwa maneno ya watu waliodhani dunia inakwisha.

Kuna na "Dust Pneumonia Blues", ambamo mwimbaji anatania kwamba hapa ilipasa apige ule mlio wa kupandisha na kushusha sauti, lakini kifua kimejaa vumbi, hawezi. Mlio huo ulikuwa alama ya Jimmie Rodgers, nyota wa santuri aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1933. Rodgers huyu ndiye ambaye santuri zake zilifika hadi kwa Wakipsigis wa Kenya, jina lake likageuka Chemirocha, na mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey akawarekodi wasichana wa Kapkatet wakimwimba. Nimetoka nje ya mada kidogo, najua, ila nilipoliona jina la Rodgers niliruka kitini.

Sasa tuje kwenye ule mkubwa, "This Land Is Your Land". Watoto wa shule Marekani huuimba kama wimbo wa pili wa taifa, bendera mkononi. Kisa chake ni kwamba ulizaliwa na hasira. Mwanzoni mwa 1940 Guthrie alikuwa akisafiri kwa kuomba lifti kuelekea New York katikati ya baridi, na kila alipopita redio zilikuwa zikipiga "God Bless America" ya Irving Berlin. Ukamchosha. Yeye alikuwa ametoka kuwaona watu waliolala kambini, waliofukuzwa mashambani na vumbi na madeni, na hakuona nchi iliyobarikiwa kiasi hicho. Akafikia katika hoteli ya bei poa iitwayo Hanover House, na tarehe 23 Februari akaandika jibu lake. Kiitikio cha kwanza kilikuwa kinaupiga kijembe wimbo wa Berlin waziwazi. Baadaye akakifuta, akaweka kile ambacho dunia nzima inakijua, na chini ya karatasi akaacha neno dogo kwamba mtu huandika anachokiona, basi.

Beti mbili zilizoachwa nje ya toleo lililozoeleka ndizo zenye pilipili. Moja inazungumzia kibao cha kuwazuia watu kuingia kwenye mali ya mtu binafsi, na jinsi upande wa pili wa kibao ulivyokuwa hauna neno. Nyingine inawaona watu wenye njaa kwenye foleni ya msaada, na mwimbaji anauliza kama kweli nchi hii ni yao. Hebu fikiria wimbo wa namna hiyo unapakwa sukari mpaka watoto wanaufanyia gwaride! Lakini tarehe 18 Januari 2009, mbele ya mnara wa Lincoln, siku mbili kabla ya mtoto wa Mluo kuapishwa kuwa rais wa Marekani, mwimbaji mzee Pete Seeger alisimama na Bruce Springsteen akauimba pamoja na beti zake zote kali, Obama akisikiliza. Tulikesha wengi kuangalia sherehe zile. Wangapi kati yetu tulijua kilichokuwa kinaimbwa?

Mahadhi yake, kwa taarifa yako, hakuyatunga. Aliyachota kwa kundi la Carter Family, na hakuona haya. Nyimbo zake nyingi zimevaa nguo za kuazima. "Roll On, Columbia" imekaa juu ya "Goodnight, Irene" ya Lead Belly. "Tom Joad", ambamo aliimeza hadithi nzima ya The Grapes of Wrath ya Steinbeck baada ya kuona filamu yake, imepanda juu ya wimbo wa zamani uitwao "John Hardy". Anayetaka kumshtaki kwa wizi aanze kwanza na waimbaji wetu wa Mombasa walioyachukua mahadhi ya filamu za Kihindi, tukayapenda mpaka tukasahau yalikotoka.

Nyimbo zake za mto Columbia nitazipitia haraka, ingawa hadithi yake inachekesha. Mwezi Mei 1941 idara ya serikali ya umeme wa mabwawa ilimwajiri kwa mwezi mmoja, ikampa gari na dereva, akatunga nyimbo 26 kwa ujira wa dola 266 na senti 66. Takriban dola kumi wimbo! Kati yake kuna vito vya kweli. Lakini zinalisifu mno bwawa la Grand Coulee, na bwawa hilo lilikata njia ya samaki waliokuwa uhai wa makabila asilia ya huko. Hilo halimo katika nyimbo zake. Mtu huandika anachokiona, na hapa hakuona.

Lililoniamsha usiku wa kwanza ni jambo jingine kabisa. Nilikuwa nikirukaruka kurasa, mara nikagundua kwamba mtu huyu alikuwa na ugonjwa wa majina. Hakubali watu wafe bila kutajwa. Tarehe 31 Oktoba 1941 nyambizi ya Wajerumani iliizamisha manowari ya Marekani iitwayo Reuben James, wakafa wanamaji wapatao mia moja. Guthrie akataka kuweka jina la kila mmoja ndani ya wimbo. Wenzake wa kundi la Almanac Singers wakamwambia, ndugu yetu, hakuna mtu atakayeuimba wimbo huo. Basi badala ya majina wakatia kiitikio kinachouliza: walikuwa wakiitwa nani? Nimeusikia wimbo huu tangu ujana nikidhani swali lile ni pambo. Kumbe ni orodha iliyokatwa, limebaki tundu lake.

Sasa weka hilo moyoni uende hadi tarehe 28 Januari 1948. Ndege iliyowabeba vibarua wa mashambani kuwarudisha Mexico ilianguka katika bonde la Los Gatos, California. Walikufa watu 32: Wamexico 28 na Wamarekani wanne. Taarifa za habari alizozipata Guthrie huko New York ziliwataja Wamarekani kwa majina. Wale wengine waliitwa kwa neno moja tu, lile la watu wanaorudishwa kwao. Guthrie akaandika shairi, "Deportee", na humo akawapa majina yeye mwenyewe, majina ya kawaida ya Kihispania, kana kwamba anawaaga rafiki zake mmoja mmoja. Hakuwa na mahadhi ya maana. Ilipita takriban miaka kumi ndipo mwalimu wa shule aitwaye Martin Hoffman akautungia yale mahadhi tunayoyajua, Seeger akauchukua, ukaenea.

Nilikiweka kitabu chini nikatoka nje kuvuta hewa. Wale 28 walizikwa katika kaburi moja la pamoja huko Fresno, na kibao juu yake kikataja idadi na uraia wao, basi. Ni mwaka 2013 ndipo jiwe jipya liliposimamishwa lenye majina yao yote, baada ya mwandishi Tim Z. Hernandez kuyasaka. Miaka 65 baadaye! Na aliyemtuma kuyatafuta, ukitazama vizuri, ni wimbo.

Usidhani ni huzuni mwanzo mwisho. Kuna nyimbo za watoto, alizozitunga akiishi Mermaid Avenue, Coney Island, na mke wake wa pili, mcheza dansi Marjorie Mazia. Nyingi zilitoka kwenye maneno ya binti yao Cathy, na zinachekesha kwelikweli, hata kama mtu unajua kwamba Cathy naye alikuja kufa kwa moto mwaka 1947 akiwa na miaka minne. Kuna mashairi ya hasira dhidi ya mwenye nyumba wake wa Beach Haven, Brooklyn, ambaye Guthrie alimshutumu kwa kuwabagua watu weusi. Mwenye nyumba huyo aliitwa Fred Trump. Ndiyo, baba yake yule.

Lawama ninayo, ila ni ndogo. Hiki ni kitabu ambacho binti amemwandalia baba yake, na mapenzi yanaonekana. Mary Jennings, mke wa kwanza aliyebaki na watoto watatu huku bwana akizunguka na gitaa, kwa hapa nilipofika sijamsikia vya kutosha. Mtu aliyekataa wanamaji wasahaulike aliweza kusahau kodi ya nyumba yake mwenyewe. Ningependa hilo liulizwe kwa sauti kubwa zaidi. Na mwandiko, loo! Kurasa nyingine nimezisoma kwa miwani juu ya miwani.

Lakini ukifikiria kilichokuwa kinapotea, unanyamaza. Ugonjwa wa mama yake ulimfuata na yeye. Kuanzia miaka ya hamsini mikono ilianza kukataa amri, akaishia hospitalini, na ndiko kijana aitwaye Bob Dylan alikokwenda kumwimbia mwaka 1961. Akafariki tarehe 3 Oktoba 1967, akiwa na miaka 55. Nora alimjua baba mgonjwa tu. Akiwa mtu mzima ndipo alipofungua masanduku ya karatasi na kukuta maneno ya nyimbo yapatayo elfu tatu, nyingi hazijawahi kurekodiwa, mahadhi yake yamekwenda na aliyekuwa nayo kichwani. Baadhi alimpa Mwingereza Billy Bragg na bendi ya Wilco, wakazitia mahadhi mapya, ikatoka albamu ya Mermaid Avenue mwaka 1998. Leo karatasi zenyewe zimehifadhiwa Tulsa, Oklahoma. Kitabu hiki ni sanduku hilo limefunguliwa mbele yako, na binti amekaa pembeni anakwambia hii aliiandika lini.

Hukumu yangu, ya mtu aliyebakiza kurasa sitini: sijashika kitabu cha nyimbo kilichonifanya nirudi kusikiliza upya kila kitu namna hii. Kisome huku simu iko karibu, usikie kila wimbo baada ya kisa chake, na uanze na "Deportee". Shemeji anaondoka Jumapili. Nimeshamwambia begi lake litakuwa jepesi. Wanaotaka kukiazima waje mwezi ujao, na waje na rehani.