Filamu Moja, Sauti Mbili: DJ Anavyoitafsiri Muvi

Ukiitwa kuamua ubishi wa filamu hapa Kibabii, usianze kwa kuuliza stelingi alikuwa nani. Uliza kwanza: mliona ya kawaida ama ya DJ? Watu wawili wanaweza kuketi kwa kinyozi mmoja, wakataja filamu moja, wakavutana hadi wote wawili wamalize kunyolewa, kumbe kila mmoja anazungumzia kazi tofauti. Mmoja atashikilia kwamba yule mwanamke alimsaliti stelingi kwa tamaa ya pesa. Mwenzake atashangaa hizo pesa zimetoka wapi, maana kwenye filamu hakuna aliyezitaja. Zilitoka kinywani mwa DJ, msimulizi anayeitafsiri filamu kwa sauti yake juu ya ile ya awali.

Wengi huichukulia tafsiri ya DJ kuwa huduma kwa wasiojua Kiingereza. Maelezo hayo hayatoshi. Kwenye barabara ya Bungoma kwenda Chwele kuna Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopewa hati ya kujitegemea mwaka 2015. Wanafunzi wake wanasoma na kufanya mitihani kwa Kiingereza, na bado utawakuta na filamu zilizotafsiriwa na DJ Afro kwenye flashi na simu zao. Wanachokitafuta ni mtazamaji mwenzao aliyetangulia kuiona filamu, mwenye maoni kuhusu kila anayepita mbele ya kamera, na asiyeweza kuyaweka moyoni. DJ ni mhakiki. Tofauti yake na wahakiki wengine ni kwamba hasubiri filamu iishe; uhakiki wake anaupachika humo humo. Tuangalie anavyoupachika.

Sauti juu ya sauti

Studio kubwa ikitaka kuitoa filamu kwa Kifaransa au Kihindi, huwa na mkanda wa sauti wenye muziki na milio peke yake. Mazungumzo ya awali yanaondolewa, waigizaji wapya wanaingiza sauti zao, kila mhusika na wake. DJ hana mkanda huo. Anachopata ni faili iliyokwisha kupikwa, ambamo muziki, risasi na maneno vimeshachanganywa na havitenganishiki tena kirahisi.

Kwa hiyo anafanya jambo moja tu: akisema, sauti ya filamu inashushwa; akinyamaza, inapandishwa. Kazi hiyo hufanywa kwa kidole kwenye mikisa au kwa programu ya kompyuta. Sikiliza kwa makini utaibaini: mlio wa gari unazama ghafla, DJ anasema lake, kisha gari linarudi likinguruma kwa nguvu zote. Chini ya maneno yake Kiingereza bado kinasikika kwa mbali, na hilo lina faida. Kilio cha mwigizaji kinabaki kilio chake, na hofu iliyo kwenye pumzi yake inabaki pale pale. DJ anaongeza maana bila kulazimika kuigiza upya, ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwabeba wahusika ishirini bila mtazamaji kulalamika.

Manukuu yaliyoandikwa chini ya picha yasingeweza kufanya kazi hii. Katika kibanda cha video, ambako televisheni ni moja na mabenchi yamejaa, aliye nyuma haoni maandishi kabisa. Sauti inamfikia hata aliyechungulia dirishani bila kulipa.

Nani ana mpira?

Mfumo wa usemi wenyewe ni wa mtangazaji wa mpira redioni. Waliokua wakimsikiliza Leonard Mambo Mbotela wanaujua: taja aliye na mpira, taja alipo, taja anakoelekea, kisha ndipo uweke madoido. DJ anafuata mpangilio huo huo. Majina ya kigeni anayaacha, anawabatiza watu upya kwa vyeo vyao: stelingi, msichana wa stelingi, yule mzee, yule mnene, kubwa la maadui. Kila sura inaporudi anataja cheo pamoja na kosa au deni lake: huyu ndiye aliyeua ndugu ya stelingi. Filamu ya mapigano hukata picha upesi mno, na kibandani watu huingia na kutoka saa yoyote. Aliyechelewa nusu saa anaokotwa njiani kwa sentensi moja.

Mbinu ya pili ni kubana. DJ hatafsiri sentensi kwa sentensi, maana angeachwa nyuma na picha. Anachukua mazungumzo ya dakika mbili ofisini, yenye masharti, vitisho vya kistaarabu na glasi ya pombe, akayakamua yakabaki: anaambiwa alete mzigo kesho, la sivyo mtoto hatamwona tena. Maneno mengi yamepotea, lakini swali kuu la tukio limebaki zima: nani anataka nini, na atamfanya nini mwenzake asipokipata.

Mbinu ya tatu inatokana na yeye kuwa ameshaiona filamu. Mwongozaji anamficha msaliti hadi dakika ya themanini. DJ anakugusa bega dakika ya kumi: mwangalie sana huyo mwenye kofia, mtajuana naye baadaye. Hapo ameua mshangao. Badala yake amekupa kungoja, na kungoja kukiwa kwa watu wengi pamoja ni starehe ya aina yake. Tangu hapo kila kofia ikitokea banda zima linaguna.

Mtihani wa ukuta

Kipimo cha DJ ni pale ambapo hakuna la kutafsiri. Chukua filamu ya Indonesia, The Raid ya mwaka 2011, iliyoongozwa na Gareth Evans. Kikosi cha polisi kimenaswa ndani ya jengo la ghorofa linalomilikiwa na jambazi. Rama, anayechezwa na Iko Uwais, amejificha nyuma ya ukuta mwembamba pamoja na mwenzake aliyejeruhiwa. Upande wa pili wamesimama watu wenye mapanga. Mmoja anaanza kuuchoma ukuta, akibahatisha. Panga linapenya na kumkata Rama shavuni. Hawezi kulia wala kusogea. Na panga lile likirudi na damu, siri imefichuka. Basi linapovutwa, analipangusa.

Tukio zima limejengwa kwa ukimya. DJ dhaifu atalifunika kwa maneno, atuambie panga ni kali na Rama anaumia, mambo ambayo tayari tunayaona. DJ anayeijua kazi yake atasema kabla panga halijainuliwa: hapa mtu akikohoa tu, wote wamekwisha. Kisha atafunga mdomo. Atarudi panga likiwa limetoka na majambazi wamegeuka, pengine kwa mzaha, watu wapate kushusha pumzi. Maneno yake machache ya mwanzo yamekuwekea hatari kichwani. Kazi iliyobaki amemwachia mwongozaji.

Ziko filamu zinazoharibika mikononi mwake. Kesi ya mahakamani inayotegemea neno moja la shahidi haibaniki. Vichekesho vya maneno navyo hukauka. Baya zaidi ni mazoea yake kuhusu wahusika wa kike: mwanamke mwenye akili na shughuli zake mara nyingi hugeuzwa kuwa msaliti au mpenda pesa, kwa sababu hivyo ndivyo vyeo vilivyomo kwenye mfuko wa DJ. Anayebishana baadaye kuhusu tabia ya mwanamke huyo anabishana na maoni ya DJ bila kujua.

Ukoo wenyewe

Ufundi huu una ukoo mrefu. Japani wakati wa filamu bubu ilikuwa na benshi, msimulizi aliyesimama kando ya pazia, na watu walichagua ukumbi kwa kumfuata yeye. Afrika Mashariki, mradi wa sinema wa Baraza la Kimataifa la Misheni (International Missionary Council), wenye makao yake Vugiri kwenye milima ya Usambara kati ya 1935 na 1937, ulizungusha filamu za mafunzo katika nchi kadhaa, Kenya na Uganda zikiwemo. Sauti yake ilirekodiwa kwenye santuri, mbali na picha, ili filamu moja iweze kusema lugha zaidi ya moja.

Dar es Salaam ikampata Lufufu, aliyezisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Kampala ikawapata mavijei kama VJ Jingo, wanaotafsiri kwa Kiganda, na sisi tulio karibu na Lwakhakha na Malaba hatukuhitaji safari ndefu kuwasikia. Huko Wakaliga, Kampala, Nabwana I.G.G. alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010. Nakala isiyo na msimulizi imepotea, na dunia inaijua filamu hiyo kwa sauti ya VJ Emmie tu. Maoni ya mtazamaji yamekuwa sehemu ya filamu moja kwa moja. Na Nairobi Half Life ya mwaka 2012 inatuonyesha chanzo cha tabia hii: Mwas anauza filamu kijijini kwao, na ili zinunuliwe anaziigiza mwenyewe mbele ya wateja.

Linaloweza kufanywa

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamwachia mwenye kazi haki ya kuruhusu tafsiri. Kwa filamu za Hollywood, ruhusa hiyo haiko karibu na mtu mwenye maiki mtaani. Kwa filamu za Kenya hali ni tofauti: mtayarishaji yuko Nairobi, DJ yuko Nairobi, na watazamaji wako hadi Kitale na Bungoma.

Teknolojia haijawahi kuwa kikwazo. Diski ya DVD inaruhusu hadi mikanda minane ya sauti, na faili za kisasa nazo hubeba zaidi ya mmoja. Mtayarishaji anaweza kumlipa DJ, akamkabidhi muziki na milio vikiwa vimetenganishwa, akaiweka sauti yake kuwa mkanda wa pili, jina lake likiwa kwenye orodha ya waliofanya kazi. Anayemtaka atamwasha. Na atakapomwita mwanamke fulani msaliti, mtazamaji anaweza kumzima, arudishe nyuma dakika mbili, asikie mwigizaji alisema nini hasa.