Waya Puani, Kichwa Sufuriani

Bwawa la mkulima wa Nyansiongo likifurika, tilapia hutoroka. Maji ya milima ya huko huishia Ziwa Victoria, na samaki huyo akinaswa popote njiani hana cha kumtofautisha na aliyezaliwa mtoni. Mkulima amepoteza kitoweo. Msimamizi wa ziwa ana tatizo kubwa zaidi: wanaovuliwa ni vifaranga aliowapanda, au ni watoto wa ziwa lenyewe? Katika Ziwa Naivasha, ambako tilapia wa Nile walirudishwa mwaka 2011, swali hilo si la nadharia.

Katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini wanalijibu kwa waya. Kipande cha chuma kisichoshika kutu, urefu milimita 1.1 na unene robo milimita, huchomwa kwa sindano kwenye pua ya kifaranga wa samoni au trauti. Kimechorwa tarakimu za kundi lake. Kisha hukatwa pezi dogo lenye mafuta lililo karibu na mkia, ili mvuvi ajue samaki huyu ana siri. Kichwa hupelekwa maabara, waya hutafutwa kwa kigunduzi cha sumaku na namba husomwa kwa hadubini. Siku hizi trela zenye mitambo huifanya kazi hiyo bila samaki kushikwa kwa mkono.

Ilete njia hiyo hapa sasa. Tilapia hana pezi hilo la mafuta. Kambare wetu hana pia. Ishara ya nje imeshaanguka kabla sindano haijachomwa. John Rinne, aliyechunguza samaki wa Ziwa Victoria, alitumia kile ambacho tilapia anacho kwa wingi: miiba ya pezi la mgongoni. Mwaka 1976 alichapisha njia ya kuikata kwa mpangilio, kila mpangilio ukiwa namba ya samaki mmoja. Mkasi unatosha, ingawa nisingetaka kuwa mimi ninayekata samaki elfu kumi.

Kuweka alama ndiyo sehemu nyepesi. Ngumu ni kuziona, hasa zikitumika kukadiria idadi ya samaki ziwani. Tuseme umeachilia samaki 10,000 wenye alama, ukakagua 2,000 waliovuliwa, ukakuta 40 wenye alama. Hao ni wawili katika kila mia, kwa hiyo ziwani mna takriban samaki 500,000. Nusu ya alama zikipita bila kuonwa, utakuta 20 tu, na hesabu ileile itakupa milioni 1. Angalia kosa linakoelekea: uzembe wa kukagua unaongeza samaki kwenye karatasi, na anayeisoma karatasi hiyo ataruhusu nyavu zaidi katika ziwa lililochoka.

Kwetu alama hupotea kwa njia tamu. Mvuvi wa Michigan hutoa kichwa bila kinyongo, kwa kuwa angekitupa. Huku kichwa ndicho kinachogombewa. Kisumu, mbuta akishatolewa minofu kiwandani, mgongo wazi wake hukaangwa ukauzwa, kichwa kikiwamo. Anayetaka waya wa puani akinunue kichwa ufukweni, kwa bei ya soko, kabla wachuuzi hawajapakia.

Ningeanzia kwenye vinasaba. Kituo cha kuzalisha vifaranga kama Kegati, Kisii, kikihifadhi kipande cha pezi cha kila samaki mzazi, watoto wote wanakuwa wametiwa alama bila kuguswa. Baadaye mkaguzi anahitaji kijipande cha pezi tu kutoka kwa samaki wa sokoni, upana wa ukucha, na mama muuza samaki hatakidai.